Wifi Yangu Anadhani Nakwenda Hija

Bi. Attracta mpendwa,

Nakuomba unisaidie kabla sijaugua, maana usingizi umenihama, chakula hakipiti, na kila nikisikia gari linakata kona kuingia uani kwangu moyo unanidunda kama wa mwizi, nami sijaiba kitu cha mtu, nimepanga safari tu. Nimeusoma ukurasa wako miaka mingi nikiwacheka wanaokuandikia, nasema hawa watu hawana haya, mambo ya ndani wanayaanika gazetini, na leo zamu ni yangu, basi nicheke na wewe ukipenda lakini nijibu.

Mimi ni mjane wa hapa hapa kaunti ya Leitrim, miaka sitini na ushee. Mume wangu, nimwite Fintan, huu ni mwaka wa nne yuko kaburini. Mungu hakutujalia watoto, na mtu pekee aliyebaki wa kunijulia hali ni wifi yangu, dada yake marehemu, nimwite Concepta. Hakuolewa, anakaa kwenye nyumba ya wazazi wao, shamba moja tu kutoka kwangu, nikifungua dirisha la jikoni nauona moshi wake, na asubuhi usipotoka moshi navaa viatu naenda kuangalia. Tulimuuguza Fintan pamoja, na alipokata roho tulikuwa tumemshika mkono, mimi huku yeye kule. Tangu siku ile kila Jumapili baada ya misa nala kwake. Ulimi wake ni wembe, sikatai, lakini nikimkosa Concepta sina mtu tena duniani, naomba ulijue hilo kabla hujasoma mengine.

Sasa kuna bwana. Haya, nimesema.

Nimwite Malachy. Ni wa parokia ya jirani, hajawahi kuoa, alikuwa akiendesha lori la maziwa mpaka alipostaafu. Tulipangwa meza moja kwenye karata za ukumbini majira ya baridi, tukajishindia zawadi ya bata mzima, tukashindwa kumgawa, basi akaja kwangu tukampika, na tangu bata yule anakuja. Gari lake huliacha nyuma ya ghala la nyasi, mimi ndiye niliyemwomba, nikamwambia mbele kuna tope. Ni mtu mpole, mchekeshaji, anaosha vyombo bila kuombwa. Mwezi wa pili akanunua gari lile lenye vitanda ndani na jiko la gesi, vitanda viwili, Bi. Attracta, nakuapia, kimoja huku kimoja kule na pazia katikati, akaniambia, "Bibie, mimi barabara za Ayalandi hii nimezipita zote nikikimbizana na maziwa yasiharibike, sijawahi kusimama hata mara moja kutazama bahari. Twende Julai, wiki tatu, tuzunguke pwani yote, mwendo wa kobe." Nikasema ndiyo kabla hajafunga mdomo. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Kosa nililifanya Jumapili iliyofuata, Concepta anakata kabichi, mimi naandaa meza, akaniuliza bila hata kugeuka, "Julai tulioshe kaburi mapema mwaka huu, au unasemaje?" Nikajibu Julai sitakuwepo wiki tatu. Akaniuliza nakwenda wapi, na hapo, sijui ni shetani gani aliyeushika ulimi wangu, nikasema, "Hija."

"Hija gani ya wiki tatu?"

"Zote."

"Zote zipi?"

"Lough Derg, halafu Knock, halafu Mlima wa Patrick, halafu... visima vitakatifu vya huko chini chini."

"Na nani?"

"Na akina mama wa Carrick."

Akaendelea kukata kabichi, halafu akasema maneno yanayonichoma mpaka leo. Alisema, "Basi ukifika kisiwani Lough Derg, zunguka yale mawe kwa miguu mitupu kwa ajili ya roho ya kaka yangu. Mimi magoti yangu yamekwisha." Nami nikasema nitafanya. Niliitika, Bi. Attracta! Nimemwahidi maiti na dada yake sala ambayo nilikuwa sina mpango wa kuisali, kumbe saa ile ile kichwani mwangu nilikuwa nikiwaza kama nguo yangu ya kuogelea bado inanienea.

Tena kuna Jumapili ya Makaburi, ambayo kwetu ni ya pili ya Julai, na wewe ni mtu wa huku, wajua padri anavyopita na maji ya baraka na kila mmoja amesimama kwenye kaburi la watu wake, asiyekuwepo pengo lake linaonekana kuanzia getini. Tangu Fintan azikwe tumesimama pale wawili, mimi na wifi. Mwaka huu atasimama peke yake, na watu watamuuliza mke wa marehemu yuko wapi, naye atawajibu kwa fahari kwamba niko hija nafunga na kusali, na mimi muda huo nitakuwa nimekaa kwenye kiti cha kukunja nakula samaki na chipsi.

Nikajipa moyo kwamba hatajua. Tukaenda Bundoran, kule pwani, siku moja kulijaribu gari, na kumbe nilisahau kwamba limeandikwa LM kwenye kibao cha namba, herufi za kwetu, na watu wa nchi hii wakiona herufi za kaunti hawawezi kupita kimya. Hatujamaliza hata kumimina chai, bwana mmoja na mbwa wake huyo anakuja anacheka.

"LM! Leitrim sehemu gani?"

Malachy naye hana dogo, akashusha kioo mpaka chini. "Upande wa Drumshanbo."

"Usiniambie! Mke wangu ana watu huko. Na mama je, naye ni wa huko huko? Ni wa akina nani?"

Mimi nikasema nakwenda chooni. Nilikaa chooni mpaka mbwa alipochoka kubweka, na niliporudi chai ilikuwa ya baridi na Malachy ananitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake. Njiani kurudi kila dereva tuliyepishana naye Malachy alimwinulia kidole cha salamu juu ya usukani, kama wote tufanyavyo, nami kila kidole kikiinuka niliinama kama natafuta hereni sakafuni.

Hapo ndipo nilipolichukua jukumu la kupanga njia, nikamwambia wewe endesha, ramani niachie mimi. Nikaanza kufuta. Sligo nikaifuta, kwa sababu binamu yake Concepta ana duka pale karibu na ufuko. Galway nikaifuta, mtoto wa binamu mwingine ni polisi wa barabarani. Kerry nikaifuta, basi la parokia yetu linakwenda huko wiki hiyo hiyo. Clare nikaifuta kabisa, kwa sababu Kilkee kuna Goretti mwenye nyumba ya wageni, alisoma na Concepta, na kila Jumapili usiku wanapigiana simu kusimuliana nani kafa. Malachy alipoletewa ile ramani akaigeuza juu chini, akavua miwani, akaniuliza, "Bibie, hii ni safari ya kuizunguka Ayalandi au ya kuikwepa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Clare iko wapi?"

"Barabara za Clare nyembamba."

"Nyembamba? Mimi nimerudisha lori la maziwa kinyumenyume kwenye vinjia ambavyo mbuzi mwenyewe anapiga honi. Kilkee yuko dada yangu. Nimeshamwambia tunakuja. Ameshapaka rangi chumba cha wageni. Amepaka vyumba viwili, usiogope."

Angekuwa mtu wa kufoka ingenisaidia, ningefoka na mimi, lakini aliniuliza taratibu, "Unanionea aibu?" Nikasema hapana, na sauti ikatoka ndogo mno, hata mimi mwenyewe nisingeiamini. Akakunja ramani. Akasema anaondoka Jumamosi ya kwanza ya Julai, kama Clare imo nimjulishe, kama haimo atakwenda mwenyewe na hatanisumbua tena, akatoka kwa mlango wa nyuma kama nilivyomzoesha. Siku zimepita hajaja wala hajapiga simu.

Na juzi, kama hayo hayatoshi, Concepta kakatiza shamba kwenye mvua amebeba kitu kwenye mfuko wa plastiki. Akaniwekea mezani. Lilikuwa koti la mvua la Fintan, lile zuri la kwendea mnadani, nilidhani tuliligawa zamani pamoja na nguo nyingine. Akasema, "Halivuji hili. Chukua, mtu yeyote mnayesafiri naye akikosa, avae." Hakukaa hata kunywa chai, na Concepta tangu nimjue hajawahi kukataa chai. Nimelitundika nyuma ya mlango, na kila nikipita naona mabega ya mume wangu. Nadhani anataka marehemu anisindikize njia nzima ili roho inisute. Au amejua, na hii ndiyo namna yake ya kunilaani. Nimelishika, nimelinusa, nimelia.

Niambie nifanyeje. Niende kwa siri, niombe Mungu tusikutane na mtu? Nimwambie Malachy basi, nibaki na kaburi na wifi yangu mpaka na mimi nilazwe pale? Au niseme, nimpoteze Concepta? Naogopa, Bi. Attracta. Nimekuwa mtu mzima wa kujificha chooni. Tafadhali majina uyabadilishe tena juu ya nilivyoyabadilisha.

Ni mimi,
Niliyekwama, Leitrim


BI. ATTRACTA ANAJIBU

Mwenzangu uliyekwama,

Pole. Nimekucheka kidogo, kwa kuwa umeniruhusu, hasa pale pa bata. Nilipofika kwenye koti sikucheka tena.

Tuanze na la kukugombeza ili tumalizane nalo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na wewe bibi wee unataka kuipitisha pwani nzima ya Ayalandi kwa wiki tatu, tena ndani ya gari lenye LM nyuma na mbele! Katika nchi ambayo mtu hawezi kununua petroli bila kuulizwa mama yake alizaliwa wapi! Ungekuwa na akili timamu ungejificha nyumbani, maana huko ndiko pekee ambako wameshachoka kukuuliza. Umeifuta Sligo, umeifuta Galway, umeifuta Clare na Kerry. Kilichobaki ni barabara kuu na vituo vya petroli. Mpeleke basi mwanaume wa watu akaone pampu.

Na hija! Ungesema unakwenda kwa mganga wa meno. Ungesema lolote. Umekwenda kumdanganya mwanamke mwenye magoti mabovu kuhusu Lough Derg, mahali ambapo, kwa hayo magoti unayoyataja, bila shaka amekwenda mara nyingi kuliko wewe. Unadhani hajui kwamba Lough Derg ni siku tatu za mkate mkavu na chai ya rangi, kisha kila mtu anarudi kwao akiwa na njaa na hasira? Unadhani hajui akina mama wa Carrick ni nani na wanakwenda lini? Naye hakukuumbua. Alikata kabichi.

Sasa lile koti. Umesema unasafiri na akina mama. Wifi yako amekuletea koti la mwanaume. Umesema wewe mwenyewe kwamba nguo za marehemu mlizigawa, maana yake hili alilificha, alilipenda, na pengine alikuwa akilinusa kama wewe. Halafu akavuka nalo shamba kwenye mvua akasema mtu unayesafiri naye akikosa, avae. Shoga yangu, katika hao akina mama wako wa Carrick, ni yupi mwenye mabega ya Fintan?

Anajua. Siwezi kuapa, sijakaa jikoni kwake, lakini mtu anayelaani hatoi kitu kisichovuja. Gari la mtu linafichwa nyuma ya ghala la nyasi tangu majira ya baridi, na yeye dirisha lake linatazama kwako kama lako linavyotazama kwake. Mwenye macho haambiwi tazama. Nadhani amejua zamani, amelia peke yake akamaliza, na amekuwa akikufungulia mlango Jumapili baada ya Jumapili uingie useme, nawe unampitia mbali kama unavyopitia mbali duka la binamu yake. Chai aliikataa kwa sababu hiyo. Kinachomuuma si Malachy. Ni kwamba ulimshika kaka yake mkono upande wa pili wa kitanda, na leo unamwona kama polisi wa barabarani.

Malachy naye usimsahau, maana barua yako nzima inamwogopa Concepta na huyu bwana umemwachia mistari michache ya huruma. Umemtoa kwa mlango wa nyuma miezi mitano. Umemwambia kuna tope. Mtu aliyekesha na lori la maziwa maisha yake yote hajui tope likoje? Alikuuliza swali moja, unanionea aibu, na jibu lako lilikuwa dogo. Lazima ulirudie kwa ukubwa wake. Dada mtu amepaka rangi vyumba viwili kwa ajili ya heshima yako, naye hata hajakuona. Huyo ndiye wifi wa pili anakuja, Mungu akusaidie, na dalili zote ni kwamba ni mwema.

Njia sikiliza, nimekaa na ramani yangu nimekupangia, na usifute hata kijiji. Mkitoka Jumamosi anzeni juu, Donegal. Lough Derg iko huko huko, na wewe umeahidi. Ahadi ya marehemu hailiwi pamoja na samaki na chipsi. Vua viatu uende kisiwani, siku zile tatu zote, uzunguke yale mawe kwa ajili ya Fintan kama ulivyoombwa, na Malachy akusubiri ng'ambo akikaanga soseji, harufu ikufikie, hiyo ndiyo adhabu yako. Ukitoka huko lala, kula, oga baharini. Jumapili ya pili geuzeni gari mrudi nyumbani, si mbali, usimame kaburini na wifi yako mahali pako. Malachy asisimame pale, bado mapema, na yeye mwenyewe atajua hilo. Abaki getini na wanaume wengine azungumze bei ya ng'ombe. Watu watamwona, watasema, na kufikia Jumanne watapata la mtu mwingine. Baada ya baraka nyweni chai kwa Concepta, wote watatu, kisha shukeni Sligo mkanunue aiskrimu dukani kwa binamu, Mayo, Galway mkampungie mkono yule polisi, Clare mkalale kwa dada, mvuke na feri kwenda Kerry. Goretti wa Kilkee mgongee mlango wewe mwenyewe kabla hajakuona dirishani, atakosa cha kusimulia.

Lakini hayo yote hayawezekani mpaka ufanye jambo moja, na lifanye leo, ukishaweka gazeti chini. Usipige simu. Usioke keki kwanza, najua utataka kuoka keki. Vaa viatu ukatize shamba. Ukiingia usianze na mvua wala afya ya jirani, sisi watu wa huku tunaweza kuzungumza hali ya hewa mpaka mtu afe. Neno lako la kwanza liwe, "Nilikudanganya." La pili liwe jina la Malachy. Halafu nyamaza. Atakugombeza, naye ana haki, ulimi wake ni wembe umesema mwenyewe, utakukata. Usitoke. Atanyamaza, na hapo ndipo patakuwa pagumu zaidi, utatamani kukimbilia chooni. Usitoke. Huenda akalia, lia naye, mmefanya hivyo kabla na mkabaki kuwa ndugu.

Na kama nimekosea, kama hakujua na moyo wake ukavunjika mbele yako, basi utakuwa umeuvunja wewe mwenyewe, uso kwa uso, na utakuwepo kuuokota. Afadhali hivyo kuliko asikie kwa Goretti.

Ukimaliza, ukiwa bado umekaa pale pale jikoni kwa Concepta, mpigie Malachy simu. Mwambie Clare imo. Na usinong'one.

Wako,
Bi. Attracta